Neno "Sorry": Mwongozo Kamili kwa Wagumu, Madereva na Waongoza Watalii wa Moshi

Msimu wangu wa pili kwenye Mlima Kilimanjaro nilikuwa mgumu wa kawaida, yaani mbeba mizigo ya wageni, ila kwa kuwa nilijua Kiingereza kidogo nilipewa pia kazi ya kupeleka chai na maji ya kunawa kwenye mahema ya wageni. Tulikuwa njia ya Machame. Siku ya kwanza, tukiwa bado msituni, mama mmoja Mwingereza mwenye umri wa bibi yangu aliteleza kwenye mzizi uliolowa, akakaa chini kwa kishindo. Nikatua mzigo nikamkimbilia: "Sorry, sorry, sorry!" Akanitazama kwa huruma akasema, "It's not your fault." Si kosa lako. Sikuelewa. Nani aliyesema ni kosa langu?

Jioni akakohoa, nikasema "sorry". Asubuhi akajimwagia chai kwenye glavu, "sorry". Akilalamikia baridi, "sorry". Tulipofika kambi ya Barranco alimwita kiongozi wetu pembeni akamuuliza kama yule kijana wa chai ananyanyaswa na wenzake, maana anaomba msamaha kwa kila kitu, mpaka kwa hali ya hewa.

Kiongozi aliponisimulia usiku ule, usingizi ulinikimbia. Siku tatu nzima nilikuwa nikimpa pole, na yeye siku tatu alikuwa akisikia kijana mwenye hofu. Sasa nafundisha Kiingereza hapa Majengo, hasa miezi ya masika ambapo kazi za mlimani zinapungua na vijana wana nafasi ya kukaa darasani, na somo la neno hili ndilo ninalolianza nalo kila mwaka. Wengi hulishangaa. Wanasema, mwalimu, "sorry" tunaijua tangu darasa la tatu. Ndiyo sababu linatuponza.

Hatua ya kwanza: anza na Kiswahili chako

Kabla hujafungua mdomo, jiulize: hapa ningesema nini kwa Kiswahili? Lugha yetu imekwisha kukufanyia sehemu ngumu ya kazi. Pole humwendea aliyeumia, aliyechoka, aliyefiwa, aliyeibiwa, hata aliyenyeshewa na mvua, na haijali nani kasababisha. Samahani humwendea uliyemkosea au unayetaka kumsumbua. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, mzizi wake ni uleule wa kusamehe, kwa hiyo ndani yake tayari kuna kosa na kuna mtu anayeombwa alifute. Kisha tuna sori, mkopo wetu wa mtaani: "Sori kaka, nimekukanyaga." Sori ya kwetu ni samahani nyepesi. Mzee uliyemkosea kweli huwezi kumpelekea sori, kwake utasema, "Shikamoo baba, nimekuja, naomba uniwie radhi."

Mzigo wote huo Kiingereza kimembebesha mtu mmoja, na huyo ndiye "sorry". Pole yumo, samahani yumo, naomba kupita yumo, umesemaje yumo. Kwa hiyo ukitoka kwenye Kiswahili kwenda kwenye Kiingereza unaingia nyumba ya mlango mmoja yenye vyumba vingi, na lazima ujue unakwenda chumba kipi.

Darasani tunafanya hivi. Mmoja anasimama na kusema jambo: nimekatwa na kisu jikoni, nimechelewa kukufuata stendi, nimefiwa na shangazi, nimesimama mbele yako kwenye foleni ya geti. Wengine wanajibu kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza hakiguswi mpaka kila mtu awe na hakika kama ni pole au ni samahani. Fanyeni hivyo hata wawili tu, mkiwa kwenye daladala ya kwenda Marangu. Nusu saa inatosha.

Hatua ya pili: jua neno limetoka wapi

Wanafunzi wangu wengine hutaka kuruka hapa. Nawaomba wasiruke, maana asili ya neno hili inatupa heshima yetu.

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita Waingereza walisema "sārig", maana yake mwenye maumivu, mwenye majonzi. Lilitokana na "sār", yaani maumivu au kidonda, na hilo "sār" bado liko hai likiitwa "sore". Mgeni akikuambia ana "sore throat", koo linamuuma. Akisema miguu yake ni "sore", inamuuma baada ya kuteremka. Kwa hiyo "sore" na "sorry" ni mama na mtoto. Watu wengi hudhani mama yake ni "sorrow", huzuni. Siyo. "Sorrow" lina ukoo mwingine kabisa, lilikuwa "sorg", wasiwasi na masumbuko ya moyo, na Wajerumani wanalo mpaka leo wakisema "Sorge". Maneno haya mawili yalisogeleana kwa sauti na kwa maana mpaka yakaonekana ndugu wa damu.

Na kwa kuwa Wajerumani tunao wengi mlimani, sikiliza hili. Wanaposema "sehr", yaani sana, wanatamka ndugu wa "sār". Zamani lilimaanisha kwa maumivu, likazoeleka, likabaki kuwa sana tu. Kijana wa Moshi anayesema "nampenda vibaya" hatashangaa hata kidogo jinsi neno la uchungu linavyogeuka kuwa neno la wingi.

Basi mtu wa kale aliyesema yu "sorry" alikuwa anasema: naumia. Anaweza kuwa anaumia kwa sababu amekukosea, anaweza kuwa anaumia kwa sababu wewe umeumia. Matawi yote mawili yametoka kwenye shina hilo moja. Kwa hiyo mgumu anayemwambia mgeni aliyeteleza "sorry" hajavumbua upuuzi. Wakenya na Waganda husema hivyohivyo, Waghana na Wanaijeria pia. Ni Kiingereza cha Waafrika wengi, na kimekaa karibu na chimbuko la neno kuliko wengi wanavyodhani. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wakichekwa kwa ajili yake, na mtu aliyechekwa hunyamaza, na mwongoza watalii aliyenyamaza hana kazi.

Lakini mgeni wako ana masikio ya leo, na masikio ya leo husikia kosa kwanza. Jambo hili limewasumbua hata wenyewe. Jimbo la Ontario, Kanada, lilitunga sheria mwaka 2009 inayosema kwamba mtu akiomba radhi, maneno yake hayatahesabiwa mahakamani kuwa amekiri kosa. Ukiona watu wametunga sheria ili daktari aweze kumwambia mgonjwa "sorry" bila woga, ujue neno hilo kwao linanuka lawama.

Pole yetu ilianzia kwingine kabisa. Inatoka kwenye upole, kule kule kwa mtu mpole na kwa polepole tunayowaimbia wageni kutwa nzima. Kiingereza kilianza na kidonda, sisi tulianza na ulaini. Mimi huliona jambo hilo zuri, na huwaambia wageni.

Hatua ya tatu: mtu akijikwaa, muulize

Kwa ajali ndogo, Mwingereza na Mmarekani hawatoi pole, wanauliza hali. Mgeni akiteleza, sema "Are you okay?" au "Are you all right?" Halafu mpe mkono. Ukiona jiwe mbele yake kabla hajalikanyaga, sema "Careful here." Akishasimama na anajipukuta vumbi, unaweza kusema "That looked painful", yaani naona imeuma, na hapo umempa pole kamili bila kumtwisha mtu kosa.

Najua moyo unakataa. Kumwona mtu ameanguka na kumuuliza tu kunaonekana kwetu kama ukavu. Kwa masikio yao ni kinyume: swali lako ndilo linaloonyesha umejali.

Na kuna kosa moja naomba ulifute leo: "Sorry for you." Tunalitengeneza kwa kufasiri "pole kwako". Mgeni aliyepotelewa na begi uwanja wa ndege wa KIA akiambiwa hivyo anasikia kejeli, kama vile umemwambia "utajiju". Vilevile pole na kazi, pole na safari, pole na majukumu hazivuki mpaka. "Sorry for the journey" haieleweki. Watakuuliza safari ina ubaya gani. Mgeni akishuka kwenye ndege baada ya saa 20 njiani, mwambie "Welcome. You must be tired." Karibu, lazima umechoka. Hiyo ndiyo pole na safari yao.

Hatua ya nne: kwa majonzi makubwa, pole yao ipo

Hapa wengi hushangaa, kwa sababu baada ya kuambiwa "sorry" ni kosa wanaliogopa hata penye haja. Kwa msiba, ugonjwa mzito, kazi iliyopotea, ndoa iliyovunjika, Waingereza wenyewe hutumia "sorry" kama pole. Ila hulivika nguo. Kwa habari uliyopewa: "I'm so sorry to hear that." Kwa aliyefiwa: "I'm sorry for your loss." Maneno hayo ya nyuma ndiyo yanayoondoa lawama, yanasema naumia kwa habari hii, naumia kwa ulichopoteza. Usiongeze maelezo. Nimewahi kuwa na mgeni aliyepanda mlima kwa kumkumbuka mwanawe. Aliponiambia, nilisema sentensi ile ya kwanza nikatembea naye kimya. Ilitosha.

Angalia tofauti nyingine ndogo. "I'm sorry for him" ni kumhurumia mtu, na mara nyingi kuna kumtazama kutoka juu. Kumwambia mtu usoni "I feel sorry for you" kunaweza kumchoma. Tusi lingine limejificha neno likitangulia nomino: "a sorry state" ni hali duni ya kusikitisha. Mgeni akiandika kwamba choo cha kambi kilikuwa "in a sorry state", hajaomba radhi, amelalamika.

Hatua ya tano: kosa likiwa lako, lichukue lote

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Siku moja mwenzangu alichelewa kufuata wageni hotelini dakika 40. Alipofika aliteremka na kusema: "Sorry for the late, but there was traffic, and the car had a problem, sorry sana." Wageni hawakumjibu mpaka geti la Marangu. Alikuwa ameomba radhi mara mbili na hakusamehewa hata mara moja. Tulikaa naye jioni tukaichambua ile sentensi kama fundi anavyofungua injini.

Kwanza sarufi. "Sorry" ni sifa, si tendo, kwa hiyo husimama na "am" au "is" kama vile "tired" na "happy". Huwezi kusema "I sorry". Pia "late" ni sifa, haiwezi kufuata "for the". Sema "I'm sorry I'm late." Ni sentensi mbili fupi zilizounganishwa na kila mtu huitumia. Kwa kitu, tumia "about": "Sorry about the noise." Kwa tendo ulilokwisha kufanya, tumia "for" na tendo lenye "-ing": "Sorry for waking you." Kwa tendo unalolifanya sasa hivi au utakalolifanya, tumia "to": "Sorry to wake you." Ukigonga hema saa sita usiku ili mgeni ajiandae kwenda kileleni, ni hii ya "to". Kesho yake mkizungumza, ni ile ya "for". Ukiyashika haya matatu, "about", "for" na "to", umemaliza robo tatu ya sarufi yake.

Pili, "but". Neno "lakini" likifuata radhi huifuta. Msikilizaji husahau kilichotangulia na kushika kilichofuata. Sababu ya kuchelewa ipo, na wageni wana haki ya kuijua, ila ipe sentensi yake na iwe moja tu. "If" nayo ni mbaya zaidi: "I'm sorry if you were upset" inamaanisha labda hukukasirika, na kama ulikasirika ni shauri lako.

Tatu, kitu ambacho hakikuwepo kabisa: utafanya nini. Tulimwandikia hivi: "Good morning. I'm sorry I'm late. You have been waiting forty minutes. The car had a puncture. I have called the gate, and we will still start walking before eleven." Hesabu "sorry" ziko ngapi. Moja. Baada yake anataja ukubwa wa kosa kwa mdomo wake mwenyewe, sababu moja isiyo na mapambo, halafu marekebisho. Mgeni akitajiwa na wewe zile dakika 40 hana haja tena ya kukutajia yeye.

Kwa barua pepe au ujumbe kutoka ofisini tumia "apologise": "We apologise for the delay." Hilo ni la suti na tai. Mlimani na garini "I'm sorry" lina joto zaidi.

Hatua ya sita: "sorry" unapomkatalia mgeni

Usiku wa kwenda kileleni, mahali fulani juu ya kambi ya Barafu, mgeni anaanza kupepesuka kama mlevi, anatapika, ukimuuliza jina la mji wake anasitasita. Hayo ni maradhi ya mwinuko yaliyofika kwenye ubongo, na tiba yake ya kwanza ni kuteremka, tena mara moja. Yeye amelipa fedha nyingi, amefanya mazoezi mwaka mzima, anakuomba dakika kumi tu.

Ukisema "sorry, sorry, madam, sorry", anasikia unajilaumu, na mtu anayejilaumu anaweza kubembelezwa. Nimeona mabishano ya aina hiyo yakila nusu saa kwenye baridi kali. Sema mara moja, taratibu, ukimtazama: "I'm sorry. You are not well enough to go on. We are going down now." "Sorry" hapo ni pole ya kweli, kwamba naumia nawe kwa ndoto hii. Sentensi inayofuata ni uamuzi, na baina yake na pole ile hakuna "but", kuna kituo na pumzi moja. Wala usiseme "we have to", hatuna budi, maana ataanza kuuliza nani kasema. Sema tunashuka. Na uwe umeshamgeuza mabega.

Wanafunzi wangu husoma mistari hiyo mitatu wakiwa wamesimama, mmoja akiwa mgeni anayekataa. Tunairudia mpaka sauti isitetemeke.

Vyumba vidogo vilivyobaki

Hujasikia alichosema: "Sorry?" kwa sauti inayopanda mwishoni. Ukiishusha, anadhani unaomba radhi na hatarudia. Unapita katikati ya watu: Mwingereza husema "Sorry", Mmarekani zaidi "Excuse me", wewe tumia la pili, linafaa kwa wote. Umekosea neno ukiwa katikati ya maelezo: "We leave on Tuesday, sorry, Wednesday", na endelea bila kusimama. Na usishangae ukimkanyaga Mwingereza akawahi yeye kusema "sorry". Ni desturi yao. Mjibu "No, I'm sorry", yamekwisha.

Kuhusu matamshi, Waingereza wana "o" fupi karibu na ya kwetu, Wamarekani wengi hutamka kama "sari", na Wakanada huivuta "o" mpaka unaisikia "sore" ya kale ndani yake. Usibadilishe ya kwako. "Sori" ya Moshi inaeleweka duniani kote. Chunga tu usiirudie mara tatu kwa pupa, maana marudio ndiyo yanayoleta ile picha ya mtu mwenye hofu.

Hatua ya mwisho: wafundishe wageni pole

Kazi hii isiwe ya upande mmoja. Wageni hufika wakijua "polepole", halafu wakisikia "pole" wanadhani wanahimizwa kupunguza mwendo. Jioni ya kwanza, baada ya supu, kiongozi anapoeleza ratiba ya kesho, aongeze maneno haya: "When you are hurt or tired, we will say pole. It doesn't mean it is our fault. It means we feel it with you." Nusu dakika tu. Tangu nilipoanza kufanya hivyo sijawahi tena kuambiwa si kosa langu, na nimerudi kutumia pole yangu kwa uhuru, kwa Kiswahili, mahali pake.

Waeleze pia namna ya kujibu: "Asante", au "Nimeshapoa". Wengi huyashika yote mawili kufikia siku ya pili. Na asubuhi ya ukuta wa Barranco, mgumu anapopita na kilo 20 kichwani, mkono mmoja umeshika jiwe, utamsikia mgeni akijibanza pembeni kumpisha na kumwambia, "Pole sana, kaka." Na mgumu, bila kugeuka: "Asante mama, nimeshapoa."